Kompyuta Imekataa

Hadija,

Umeenda Simbo kumuaga bibi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala ugali wake na kufungiwa mahindi usiyoyahitaji. Kwa hiyo nina kama saa tatu. Nimefagia mara mbili. Begi lako nimelifungua, nikalifunga, nikalifungua tena, nikakuta kila kitu kipo, nikaudhika kwa sababu hakuna kilichosahaulika. Sasa nimekaa mezani na daftari lako la zamani, kwenye zile kurasa ulizoacha tupu, na kila bodaboda ikipita barabarani naifunika karatasi kwa kiganja kama mwanafunzi anayeibia mtihani.

Habari za kula vizuri na kulala mapema sitakuandikia. Kama Dodoma kuna baridi, itakwambia yenyewe. Nina jambo moja tu, nimelikalia miaka mingi kuliko umri wako, na nilipanga ulisome kwenye treni ukiwa umeshapita Uvinza, mahali ambapo huwezi kuteremka ukarudi kuniuliza.

Linatokana na neno ulilosema Jumanne pale Kibirizi.

Nilikuja kununua dagaa. Wewe ulikuwa kazini, na lile shati la kampuni, na kishikwambi kimening'inia shingoni. Kina mama wanaoanika dagaa walikuwa wamepanga foleni juu ya mchanga, unawaandikisha mmoja mmoja ili wapate nafasi kwenye vichanja vipya. Nilijivuna, sikufichi. Nilisimama nyuma ya magunia ili nikutazame bila wewe kujua, nikawa nasema moyoni, angalia mtoto wangu anavyouliza watu majina yao, anavyowaamkia wakubwa kwanza kabla ya kugusa mashine.

Zamu ikamfikia Mama Shukuru. Yule yule aliyekuwa anakuongezea dagaa mkononi ulipokuwa hujaota meno ya mbele. Ukamwambia aweke kidole gumba. Akaweka. Kioo kikawa chekundu. Akaweka cha mkono wa pili. Chekundu. Akakifuta kwenye kanga, akakipuliza kama mtu anayepoza chai, akaweka tena.

"Mama, mfumo umekataa," ukasema.

"Umekataa nini, mwanangu?"

"Kidole chako. Hakina alama, hakisomeki."

"Mbona ndicho nilichozaliwa nacho."

Watu wakacheka. Mwenzake wa nyuma akapiga kelele, "Alama zake zimeliwa na dagaa! Kawaulizeni walionunua!" Na yeye mwenyewe akacheka, unamjua. Ukamwambia aje siku nyingine. Halafu, kabla hajatoka kwenye foleni, sijui kama uliona, akakiinamia kidogo kile kishikwambi, akasema, "Samahani."

Hakukutazama wewe. Alikiambia kioo.

Dagaa sikununua tena. Jioni tukila nikakuuliza kama hakuna njia nyingine ya kumwandikisha mtu ambaye vidole vyake vimelika. Ukajibu bila kuacha kutafuna: "Ipo, mama. Kuna sehemu ya picha na sahihi ya mwenyekiti wa soko. Lakini hiyo mpaka nimpigie msimamizi aifungue, na yule ukimpigia mara mbili kwa siku anakuuliza kama kazi imekushinda. Kwani si mtu mmoja tu?"

Nikanawa mikono kabla sijashiba. Ukadhani naumwa tumbo.

Hebu nikuambie nilikoumwa.

Unajua kwamba nilisomea Bujumbura mpaka darasa la sita, kwa sababu babu yako alikuwa anafanya biashara ng'ambo ya ziwa. Hukuwahi kuniuliza ilikuwaje kurudi. Kule darasani tulifundishwa kwa Kifaransa, uwanjani tukigombana ni Kirundi, na Kiswahili cha nyumbani kilikuwa kile cha Bujumbura, kinachopinda mahali ambapo cha hapa kinanyooka. Vita ilipoanza tukavuka na boti tukarudi Ujiji, kwenye nyumba ile ile aliyozaliwa babu yako, na wiki ya kwanza shuleni nikasimama kusoma kwa sauti. Nilisoma mistari miwili. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mkimbizi. Mimi, mtoto wa Ujiji, ambaye kaburi la babu yangu mzaa babu liko kando ya ukuta wa msikiti.

Basi nikajifunza kunyamaza. Mtu asiyesema hana lafudhi. Walimu waliniandika mpole. Nilikuwa muoga, Hadija, na uoga wenyewe ulikuwa na jina: nilikuwa nahofia kufananishwa na watu waliokuwa wanashuka kwenye mitumbwi kila siku na magodoro kichwani.

Bodaboda. Nimefunika karatasi. Si wewe, ni mwalimu wa nyumba ya pili.

Nilipomaliza kidato cha nne, shirika moja lilikuwa linatafuta vijana wanaojua Kirundi na Kiswahili na kupiga chapa, kwa ajili ya kuandikisha wakimbizi. Kambi ilikuwa upande wa Kasulu. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Wakatuweka kwenye hema kubwa, meza sita, kompyuta sita zile za zamani zenye mgongo mkubwa kama televisheni, na jenereta inanguruma nje mchana kutwa. Familia inaingia, inakaa kwenye benchi, unawauliza kwa Kirundi, unaandika. Mtu aliyeandikwa anapata kadi. Mwenye kadi anakula. Ndiyo kazi nzima.

Nitakwambia kitu ambacho utakielewa kuliko mtu yeyote: niliipenda ile mashine. Kwa mara ya kwanza watu walinisikiliza bila mimi kupaza sauti. Nilikaa nyuma yake, imenificha kuanzia kidevuni kwenda chini, na wazee waliomzidi umri babu yako walikuwa wanasubiri vidole vyangu viseme. Kwenye hema lile hakuna aliyeniita Mkimbizi. Wakimbizi walikuwa upande wa pili wa meza.

Ila mashine ilikuwa na orodha yake. Ukifika mahali pa kuandika huyu ni nani kwa huyu, inakupa maneno ya kuchagua: mume, mke, mtoto, mzazi, ndugu wa tumbo moja. La mwisho kabisa, hana uhusiano. Na ukiandika "mtoto" halafu jina la mama aliyemzaa likawa tofauti na la mama aliyekaa mbele yako, kioo kinasimama. Hakiendi mbele mpaka msimamizi aje mezani kwako aweke namba yake ya siri.

Usikimbilie kusema huo ulikuwa ujinga. Najua utakavyosema, "Mama, mfumo una sababu zake." Ulikuwa nazo. Walikuwepo watu waliokuwa wanaazima watoto wa jirani ili kadi ya chakula inenepe, na wengine, Mungu atuepushe, waliokuwa wanachukua watoto kwa mambo mabaya zaidi. Aliyeweka lile kufuli aliwaza vizuri. Na ufunguo ulikuwepo, umekaa kwenye kiti mwisho wa hema, unakunywa chai.

Msimamizi huyo tulimwita Bwana Haraka, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa neno lake. Alitoka mbali, Kirundi hakijui, sauti yake inajaza hema. Asubuhi ya siku ninayotaka kukusimulia nilikuwa nimeshamwita mara mbili. Mara ya kwanza alikuja akaweka namba, akaondoka. Mara ya pili akaweka namba, akasimama nyuma yangu, akasema ili hema zima lisikie:

"Binti, mbona matatizo yote yako kwenye meza yako? Au hawa ni ndugu zako unawapitisha?"

Wenzangu wakacheka. Mmoja akaongeza, "Si Mrundi huyo, Bwana! Msikilize akiomba chumvi!"

Masikio yangu yakawaka moto. Nilikuwa tena darasani, nimesimama, nimeshika kitabu.

Aliyeketi baada ya hapo aliitwa Leokadia. Mwanamke mwembamba, mrefu, kitenge chake kimefungwa juu ya kingine. Alikuwa na watoto watatu. Wawili wa kuwazaa, hao walikuwa na kadi za kliniki zenye jina lake, wakapita. Wa tatu mvulana wa kama miaka sita, Ndikumana, amemshika mama huyo kidole kimoja cha mkono, kile kidogo, kama anavyoshikilia mtu kamba ya mbuzi.

"Na huyu?"

"Mwanangu."

"Mama aliyemzaa anaitwa nani?"

"Virjini. Dada yangu. Amebaki njiani." Kule kubaki njiani tulijua maana yake bila kuuliza. "Mimi ni mama wacu wake."

Mama wacu, Hadija. Mama yetu. Ndivyo Warundi wanavyomwita dada wa mama. Na wala sikuhitaji Kirundi kuelewa hilo. Hapa Ujiji mimi mwenyewe nimelelewa na mama mdogo mwaka mzima, na aliyethubutu kuniambia si mama yangu angepigwa kofi. Wewe unaye Mama Mkubwa, ukiwa na shida unaanzia kwake, mimi nasikia baadaye.

Nikaandika "mtoto". Kioo kikasimama, kikaomba namba.

Nikamtazama Bwana Haraka. Alikuwa amenipa mgongo, anaongea na dereva. Kutoka mezani kwangu mpaka pale alipokaa ni hatua ishirini. Nilikuja kuzihesabu baadaye, ndiyo maana najua. Nikawaza niinuke. Nikajiona nainuka, nikasikia kile kicheko. Magoti yakakataa.

Magoti, Hadija. Lakini mdomo ukasema:

"Mama, kompyuta imekataa."

Neno hilo sikulibuni mimi. Meza zote sita tulilitumia, na lilikuwa tamu, kwa sababu ukimwambia mtu "nimekataa" atakuuliza kwa nini wewe, mtoto wa nani, mkubwa wako yuko wapi. Ukimwambia kompyuta imekataa, anainuka.

Yeye hakuinuka mara moja. Akasogea mbele, akaichungulia mashine kwa adabu, kama mtu anayechungulia mlangoni kwa wenyewe.

"Iambie ni wangu."

"Haisikii, mama."

"Iambie ananiita mama. Ndikumana, sema."

Mtoto akasema kwa ile mashine, kwa sauti ndogo, "Ni mama."

Nikafuta "mtoto". Nikaandika lile la mwisho kwenye orodha. Kioo kikaenda mbele vizuri kabisa, wala hakikuniuliza tena kitu. Nikampa Leokadia kadi ya watu watatu, na Ndikumana kadi ya mtu mmoja, ya rangi nyingine. Leokadia akazipokea kwa mikono miwili. "Urakoze, mwana wanje," akaniambia. Asante, mwanangu. Akaigeukia mashine, akaiinamishia kichwa nayo.

Sasa umeelewa kwa nini sikushiba.

Nimeinuka kuchemsha chai, nimerudi bila chai. Sijui niliacha jiko limewaka au vipi. Subiri.

Halijawaka.

Leokadia alirudi mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia, "Iulize tena, labda leo imeamka vizuri." Nikabonyeza bonyeza herufi ambazo hazina kazi, ili aone najaribu. Nikasema bado inakataa. Uongo ule niliufanya kwa vidole, mbele ya macho yake, na yeye alikuwa anafuata kila kidole kwa matumaini.

Mara ya pili alikuja na kikapu kidogo cha maharage. Alikiweka mezani, karibu na mashine badala ya karibu na mimi, akakisukuma taratibu. Alikuwa amewaza usiku kucha kwamba labda kila kinachokataa kina bei yake. Mgao wao wa maharage ulikuwa mdogo, niliujua kwa vikombe, kwa sababu sisi ndio tulioandika. Kukirudisha kile kikapu kulihitaji maelezo. Ningesema nini? Kwamba mashine haili? Angeuliza, sasa anayekataa ni nani?

Nikakipokea.

Mwisho wa wiki nikaja na maharage yale Ujiji, bibi yako wa hapa, mama yangu, akayapika na mawese. Akasema maharage ya kambini yana ladha. Nikala. Nimeandika hapa kwamba nililia, nimekata, kwa sababu sikulia. Nilikula nikaongeza.

Wiki chache baadaye ukaja uamuzi kwamba watoto wote waliokuja peke yao wahamishiwe kambi nyingine, ambako kuna nyumba zao na walezi. Orodha ilitoka kwenye mashine. Hakuna mtu aliyekaa akaiandika, iliombwa tu, ikatoka, kurasa na kurasa, na ilikuwa na nia njema. Wenye kadi ile ya rangi nyingine. Siku ya malori nilikuwa hemani. Nilisikia mtu anaita jina moja tena na tena, na sauti niliijua, na nilichofanya ni kuongeza kasi ya kuchapa. Jenereta inanguruma. Ilinisaidia.

Malori yalipoondoka ndipo magoti yakapata nguvu. Nikazitembea zile hatua ishirini nikamweleza Bwana Haraka kila kitu, kwa Kiswahili changu kilichopinda. Nilitegemea anifukuze. Akaweka kikombe chini. Sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa ndogo.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa umechoka kuitwa, Bwana."

"Nilikuwa natania, binti. Ni namba nne tu. Ningekuja."

Angekuja. Angenitania tena, wangecheka tena, ningewaka masikio mpaka jioni, na mtoto angekula na mama yake. Bei ilikuwa hiyo tu. Mimi nilidhani ni kubwa kuliko kidole kile kidogo alichokuwa amekishika.

Tukajaza fomu ya kusahihisha. Ikaenda. Kompyuta za kambi ile hazikuwa zinaongea na zetu, fomu ikawa inasafiri kwa gari, ikarudi imeandikwa "inashughulikiwa". Mkataba wangu ukaisha ikiwa bado inashughulikiwa. Nikarudi nyumbani, nikaolewa na baba yako, na sikumwambia mtu.

Miaka minne ikapita. Nilikuwa na mimba yako ya miezi saba, nampelekea baba yako chakula bandarini, siku moja ambayo wakimbizi walikuwa wanarudi kwao kwa meli. Foleni ndefu mpaka getini. Nikasikia, "Wewe! Mtoto wa mashine!"

Leokadia. Alikuwa amezeeka kuliko miaka minne. Akanishika tumbo, akacheka, akaniombea kwa Mungu wake nizae salama. Wanawe wawili wamekua. Na hatua chache pembeni, mvulana wa miaka kumi, kadi yake imening'inia shingoni kwa uzi.

"Nilimpata," akaniambia. "Walipofunga ile kambi wakatuchanganya. Nilimjua kwa sikio lake hili."

Nikasema alhamdulillahi, na nilimaanisha, nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Wakati huo karani mwenye orodha akafika kwa mtoto, akamuuliza, "Uko na nani?"

Mkono wa Leokadia ulikuwa begani kwake. Mtoto akajibu haraka, bila kufikiri, kama anayejibu jedwali la mara mbili:

"Sina mtu. Niko peke yangu."

Miaka minne jibu hilo ndilo lililompa chakula. Nililiandika mimi, mashine ikalitunza bila kuchoka, ikamfundisha mpaka akalijua kwa moyo. Karani akampeleka kwenye foleni ya watoto waliokuja peke yao. Leokadia akautoa mkono begani taratibu. Labda aliona uso wangu, maana ni yeye aliyenifariji.

"Usijali, mwana wanje. Haikuwa wewe. Ilikuwa mashine."

Na mimi, Hadija, nikaitikia kwa kichwa.

Hilo ndilo nililokuwa nalikalia. Lile la hemani naweza kusema nilikuwa msichana, nilikuwa na haya, nilichekwa. La bandarini nilikuwa mwanamke mzima, na chakula cha mume wangu mkononi, na wewe tumboni unacheza. Neno moja lingetosha, "Ilikuwa mimi." Asingenipiga. Pengine asingesema kitu. Lakini angeijua njia yake ilipokatwa, angejua kwamba upande wa pili wa ile mashine alikuwepo mtu, na mtu unaweza kumkasirikia. Nilimnyima hata hasira. Akapanda meli akiamini kwamba duniani kuna vitu vinavyojua watoto ni wa nani kuliko mama zao.

Sijui walifika wapi. Nimewahi kuuliza watu wanaovuka. Hakuna anayejua.

Sikuandikii ili uache kazi hiyo ya Dodoma. Nenda. Kaitengeneze hiyo mifumo, wewe una kichwa chake, mimi nilikuwa na vidole tu. Wewe utakuwa unaandika ile orodha yenyewe, maneno yapi yawepo ya kuchagua, kioo kisimame wapi, ufunguo ukae hatua ngapi. Utakaa chumba chenye feni, huwaoni wanaokiinamia kishikwambi. Ningekuwa na neno zuri la kukupa ningekupa, sina. Nina maharage yale tu, ladha yake bado naijua. Labda siku moja ukiwa unaamua jambo dogo, la mtu mmoja tu, utakumbuka kwamba mama yako aliyala.

Na kama utakuja kuwa msimamizi, usitanie watu wako mbele ya wenzao. Huwezi kujua ni nani atashindwa kuinuka kwa ajili ya hilo.

Leo asubuhi nilipita Kibirizi. Sikumwahidi Mama Shukuru kitu kwa niaba yako. Nilimuuliza tu kama kesho atakuwepo mitumbwi ikiingia.

"Niende wapi?" akasema. "Mashine yenyewe imenikataa, nani mwingine atanitaka?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Halafu akauliza, kama mtu asiyejali sana: "Hivi mwanao hakukasirika nami? Maana nilimharibia foleni."

Treni ni kesho jioni. Kishikwambi unakirudisha ofisini mchana. Mwenyekiti wa soko anafika mapema. Simu yako nimeichaji, ina salio la kumpigia mtu hata mara tatu.

Nilisema nilipanga uisome barua hii ukiwa umepita Uvinza. Nilikuwa nimeshapata na mahali pa kuificha, ndani ya kanga ya zambarau, ili uikute bila mimi kuwepo, nisikuone uso. Nimekaa hapa nikitazama begi, nikatambua ninachokifanya. Ni kile kile. Nataka tena kuweka kitu katikati yetu kiseme badala yangu.

Kwa hiyo haiendi kwenye begi. Nimeiacha wazi mezani, nimevuta kiti cha pili, na mimi niko kwenye hiki cha kwanza. Soma nikiwa nakutazama. Ukiwa na hasira, niko hapa, ni mimi.

Bodaboda imepunguza mwendo. Nasikia unabishana na dereva juu ya gunia la mahindi.

Sifuniki karatasi.

Mama yako